Kifuko cha Mkono wa Kushoto

Siku ya arobaini ya mke wangu Hadija, wageni walipokwisha kuondoka, na masufuria ya kuazima yakarudishwa kwa wenyewe, mimi na binti yetu Aziza tulifungua sanduku lake la bati. Hadija hakuwa mtu wa kurundika vitu. Ndani mlikuwa na vitenge vitatu ambavyo hakuwahi kuvitoa kwenye mkunjo wa dukani, tasbihi ya mama yake, na chini kabisa mfuko wa plastiki, wa zamani zile kabla plastiki haijapigwa marufuku hapa Kigali. Ndani ya mfuko ilikuwemo fishi ya Aziza, yaani kadi yake ya chanjo ya utotoni, na katikati ya mkunjo wa fishi kifuko cha kitambaa cha buluu, kidogo kuliko kiganja changu, chenye utepe mweupe mdomoni. Aziza alikiinua kwa mkono wa kushoto, maana ndio mkono alio nao. Akakigeuza. "Hii ndiyo ile ya Mama," alisema. Nilikuwa nimeshikilia kifuniko cha sanduku kisimwangukie. Neno moja tu lingetosha. Nikasema, "Ndiyo. Rudisha tu."

Hilo "ndiyo" linanirudia wiki tatu sasa. Kifuko kile hakikuwa cha Mama. Nilikikata mimi, nikakishona mimi, nikamvisha mtoto mimi. Kwa miaka ishirini na mitano nimemwacha binti yangu aamini kwamba ni mama yake aliyemfunga mkono wake mzima alipokuwa mchanga, na sasa mama yake yuko kaburini na lawama isiyo yake. Mimi ni fundi cherehani. Nikikosea mshono nafumua, hata mteja akiwa hajauona. Huu mmoja nimeuruka kila siku. Naandika habari za mwaka ule kwanza, peke yangu, ili nitakapomwambia nisije nikajipunguzia chochote njiani.

Aziza alizaliwa mzima. Nalisema kwa sababu watu hudhani alizaliwa hivi alivyo, na wengine huja dukani kuniambia ni mapenzi ya Mungu, nami naitikia kwa kichwa huku nikitamani waondoke. Alinyonya kwa kelele, alipiga mateke, na mikono yote miwili aliikunja na kuikunjua kama watoto wote. Mimi nilikuwa na miaka thelathini na tisa na nilijiona kijana. Tulikaa Nyamirambo, vyumba viwili ndani ya ua mmoja na wapangaji wengine, chumba cha mbele kikiwa na cherehani mbili na meza ya kukatia, cha nyuma kikiwa cha kulala. Siku arobaini zake zilipotimia tulipika pilau, tukaalika mtaa. Alipita mikono ya watu wote. Mimi mwenyewe nilikuwa na mafua na nilimbusu usoni mbele ya wageni ili waone nilivyofurahi. Siku chache baadaye alipata homa, akakataa ziwa, na kabla ya adhuhuri upande wake wa kulia ukaanza kurukaruka, mkono na mguu na pembe ya mdomo, huku upande wa pili umelala kimya. Kama ni mafua yangu, au ni ya mgeni fulani, au ni kitu kingine kabisa, niliuliza hospitalini mara nyingi hadi wakanichoka. Hakuna aliyejua. Nimezeeka na bado hakuna anayejua, na hilo linanikera kuliko kama wangeninyooshea kidole.

Walimtoa maji ya uti wa mgongo, wakampa dawa ya kila kitu walichokishuku. Hadija alilala kwenye mkeka karibu na kitanda cha mtoto kwa wiki tatu. Mimi nilipeleka chakula, ndizi na maharage ndani ya bakuli lenye mfuniko, nikitembea taratibu mchuzi usimwagike, na kila siku nilimkuta amekaa vilevile, ziwa moja nje, akikamulia maziwa kwenye kikombe kwa sababu mtoto alilishwa kwa mpira wa puani. Alikula kwa kutazama ukutani. Mchana mmoja, nikingoja pazia la wodi lifunguliwe, nilisikia wauguzi wawili wakizungumza kwa Kinyarwanda upande wa pili. "Huyu wa dirishani," alisema mmoja, "Mungu akimwacha, atamwacha nusu." Mwenzake akasema, "Ceceka weye, baba yake huwa anakuja saa hizi." Nyamaza wewe. Niliingia nikiwa nimekaza uso, nikaweka bakuli, na ndani yangu nikaapa kwamba mtoto wangu hatakuwa nusu. Ninalitaja hilo si kwa kujitetea. Nataka tu ieleweke nilianza wapi kuwa kiziwi.

Kwa maana maneno yaliyofaa kusikiwa niliambiwa waziwazi. Siku ya kuruhusiwa, daktari alituketisha kwenye benchi. Alikuwa kijana aliyesomea Kongo, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko. "Papa, virusi iliingia mu bongo," alisema. "Sasa imetoka. Lakini fasi, mahali kwenye ilipita, hatuyue iliharibu nini. Bongo ya mutoto iko kidogo sana, haionyeshe leo. Itaonyesha wakati ya kukaa, wakati ya kushika, wakati ya kusema, hata wakati ya masomo." Nikamuuliza basi amepona au hajapona. Akasugua macho. "Iko muzima. Lakini mumwangalie. Kama munaona anashika vitu na mukono moja tu mbele ya kumaliza mwaka, musingoje. Mumurudishe." Akaandika tarehe ya kurudi nyuma ya fishi. Hadija aliitazama ile tarehe kama mtu anayekariri. Mimi nilichosikia ni "iko muzima", na ndicho nilichokwenda kukitangaza mtaani. Nilikuwa nimesoma sekondari. Niliwahi kuchora ubongo kwenye daftari la baiolojia na kuandika kwamba nusu ya kushoto ndiyo inayoendesha upande wa kulia wa mwili. Mwalimu alinipa vema. Sikuwa na kisingizio cha ujinga.

Miezi iliyofuata ilikuwa mizuri, na uzuri wake ndio uliotuponza. Aziza alinenepa. Alikaa akiwa na miezi minane, kaegemea kidogo upande, juu ya mkeka kati ya cherehani zangu mbili, akicheka kila pedali ilipolia. Nilimtupia vipande vya vitambaa, naye akavinyakua kwa wepesi ulionifurahisha, vyote kwa mkono wa kushoto. Hata nilipokiweka kipande upande wa kulia, alijipinda mwili mzima akakifuata kwa kushoto. Ngumi ya kulia ilikaa imefungwa, kidole gumba ndani. Niliona. Fundi anaona mkono. Ndiyo kazi yangu, kuona bega lipi limeshuka na mkono upi umerefuka. Niliona nikajiambia, ana shoto.

Ijumaa moja Shangazi Mariamu alikuja kula nasi. Ndiye aliyenilea, na hakuna mtu niliyemwogopa kama yeye. Tulikaa kwenye mkeka tukazunguka sinia, Aziza akiwa mapajani mwa mama yake, na kabla Shangazi hajamaliza bismillahi mtoto akatia mkono wa kushoto kwenye wali, akautia mdomoni, akatia tena. Nikacheka. Shangazi hakucheka.

"Saidi, huyu iko anakula na mkono ya choo, na wewe unacheka?"

"Ni mtoto, Shangazi. Ana shoto tu."

"Shoto inaondolewa ingali bichi. Wewe mwenyewe ulikuwa nayo kidogo, nikakufunga na kitambaa mwezi mzima. Leo unakata suruali za watu na mkono gani?"

"Wa kulia."

"Basi usinifundishe."

Hadija alisema polepole, bila kuinua macho, kwamba daktari alizungumza habari ya mkono mmoja. Shangazi akamwambia, "Daktari alisema mtoto ni mzima, mtaa wote tulisikia. Au mume wako alidanganya?" Wote wawili wakanigeukia. Nyama ilikuwa mdomoni mwangu na nilitafuna zaidi ya ilivyohitaji. "Alisema mzima," nikajibu.

Jioni ile ile nilikata kifuko. Nilichukua bakio la kitambaa cha sare za wasichana wa shule, buluu ile ya kila mwaka, nikatia bitana ya fulana laini isimchubue, nikaviringa mdomo kwa ndani na kupitisha utepe. Nilikishona mara mbili, mshono juu ya mshono, asije akakifumua kwa fizi. Kazi ilikuwa safi. Nakumbuka nilikiweka kwenye mwanga na kuridhika, na kumbukumbu hiyo ya kuridhika ndiyo inayonisumbua zaidi. Kulipokucha nikamvisha mkono wa kushoto, nikafunga utepe kwenye kifundo, nikamwekea kipande cha andazi mbele. Alikitazama. Akakisukuma kwa kifuko, kikaenda mbali. Akainama akakifuata kwa mdomo kama mwana-mbuzi. Mkono wa kulia haukuja. Nikasema atazoea.

Alikivaa miezi minne. Asubuhi hadi magharibi, isipokuwa akilala. Aliacha kuchekea pedali. Aliacha kunyakua vitambaa. Alikaa pale kati ya cherehani akinitazama, na wateja wakasema ana adabu, hasumbui. Nikiwa nje Hadija alikivua. Nikirudi nilikuta alama ya utepe imekwisha kufifia kwenye ngozi, nikajua, nikamgombeza. Tarehe ya fishi ilifika katikati ya msimu wa kufungua shule, sare zimejaa hadi dari, nikamwambia hatuwezi kufunga duka kwa ajili ya kwenda kuambiwa tunachokijua. Alinijibu, "Sawa, Baba Aziza," kwa sauti niliyoichukulia kuwa ya utii.

Mtu pekee aliyenikabili ni Konsolata. Alikuwa mpangaji mwenzetu, amekulia Tanzania, muuguzi wa kliniki moja ndogo, na Kiswahili chake kilinyooka kiasi cha kutuaibisha wenyeji. Aliingia dukani kufupisha gauni, akamwona Aziza mkekani, akasahau gauni.

"Baba Aziza, samahani. Huo mkono umeungua?"

"Hapana. Tunamwondoa shoto."

Akachuchumaa. Akajaribu kukunjua ngumi ya kulia kwa kidole chake kimoja, nayo ikagoma. "Mtoto wa umri huu hana shoto," alisema. "Hana kulia wala kushoto, anatumia yote. Ukiona ameuacha mmoja, ujue huo mmoja umemshinda. Umemfunga ule unaofanya kazi."

Nilimwuliza kama ana mtoto. Nilijua hana, ua mzima ulijua, na ulijua alivyokuwa akimtafuta. Akasimama, akachukua gauni lake mezani bila kufupishwa. Mlangoni akasema, "Sina. Lakini wewe unaye, na humwangalii." Chini ya pazia la chumba cha nyuma niliona miguu ya Hadija imesimama wima, haiendi mbele wala nyuma.

Mwisho wa mwaka ule ulikuja mchana mweupe. Aziza alikuwa na mwaka na wiki mbili. Nilikuwa nakata, nikasikia kitu kinagonga sakafu kwa mpigo, nikadhani ni paka. Alikuwa amelala chali, upande wa kulia unarukaruka kama ile siku ya kwanza, na kifuko kimesimama hewani kimya upande wa pili. Konsolata ndiye aliyetusimamishia gari. Hospitalini degedege lilipotulizwa, daktari wa zamu, mama mmoja mtu mzima, alianza kumkagua mtoto kutoka kichwani. Alipofika mkononi akasimama. Alifungua utepe, akavua kifuko, akakiweka juu ya meza kati yetu. Kiganja cha Aziza kilikuwa cheupe na chenye mikunjo, kama cha mtu aliyefua siku nzima.

"Nani amemfunga huyu mtoto?"

Alimtazama Hadija alipouliza. Daima humtazama mama. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na kofia yangu mkononi, na sikuwa nimekosa muda wa kujibu. Muda ulikuwepo.

"Ni mimi," alisema Hadija.

Daktari alimgombeza kwa muda mrefu, mbele yangu, mbele ya wanafunzi wawili waliokuwa wakiandika. Akamwambia kwamba kuufunga mkono mzima si wazimu wenyewe, wapo waganga wa viungo wanaofanya hivyo kwa muda mfupi kwa siku, kwa mchezo, huku wakiusaidia ule dhaifu. Lakini siku nzima, miezi minne, bila kuufundisha ule wa kulia kitu chochote, ni kumnyima mtoto mikono yote miwili katika wakati ule ule ambao ubongo ungetafuta njia nyingine. Hadija alisema, "Yego, ndiyo, daktari. Nimekosa." Nilipouliza, kwa sauti kama ya mtu asiyehusika, kwamba tungekuja mapema ingekuwaje, daktari akasema, "Labda tofauti ndogo, labda kubwa. Homa ile ndiyo iliyoanza kuharibu, si kifuko. Kifuko kimekula muda." Labda. Nimelibeba hilo "labda" robo karne, na hakuna mizani ya kulipimia.

Tulipofika kituo cha basi nilimwuliza mke wangu kwa nini alisema vile. Alikuwa amemfunga Aziza mgongoni na mkono wa kushoto wa mtoto ulikuwa huru, unachezea hereni yake.

"Wewe wakikugombeza hutarudi tena," alisema. "Na ukikataa kurudi wewe, mtoto hatarudi. Mimi wakinigombeza, Alhamisi ya kliniki nitakuja."

Na alikuja. Kila Alhamisi kwa miaka saba, kwa miguu na kwa basi, akijifunza kumfundisha kukanda unga, kushika kikombe, kutamka. Ngumi ilifunguka, vidole havikuamka. Leo Aziza ana miaka ishirini na sita. Mkono wa kulia ameukunja kifuani kama mtu aliyebeba kitu kisichoonekana. Anakunywa dawa ya kifafa kila siku. Maneno humjia yamechelewa, hesabu hazikumwingia, shule ilimwacha darasa la nne, na kitu ulichomwambia asubuhi atakuuliza tena adhuhuri. Lakini maumivu ya zamani hasahau. Shangazi, Mungu amrehemu, ndiye aliyemwambia habari ya kifuko, na alipomwambia alinificha mimi akamtaja mama yake. Siku moja, akiwa na miaka kumi na minne, alishindwa kufunga mtandio wake mbele ya mabinamu, akaja mezani akamwambia Hadija, "Wewe ndiyo ulinifunga. Wewe ndiyo ulinifanya hivi." Hadija aliendelea kupakua. Nilikuwepo. Hapo niliweka kalamu. Sasa narudi baada ya kumwambia, na sitaandika nilichofanya, kwa sababu aliyekitaja vizuri zaidi ni Aziza mwenyewe.

Nilimwambia Jumatatu iliyopita, dukani, baada ya chai. Kazi yake hapa ni kufumua. Hakuna anayefumua kama yeye katika mtaa huu. Hubana nguo chini ya goti, huvuta mshono kwa meno, hukata uzi kwa wembe kwa mkono wa kushoto, na kitambaa hakichaniki. Nilikitoa kifuko mfukoni, nikakiweka mezani, nikamwambia yote kama nilivyoyaandika, pamoja na daktari na wanafunzi wawili na kituo cha basi. Sikulia na sikumwomba kitu. Alisikiliza mdomo ukiwa wazi kidogo, kama asikilizavyo kila kitu. Nilidhani nitalazimika kurudia. 

"Mimi nilimwambia Mama vibaya," alisema.

"Najua."

"Ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Ulikuwa unakula." Alitafuta neno, nikangoja. "Uliomba chumvi."

"Niliomba."

Alivuta kifuko kwake. Akakitazama mshono kwa karibu, kwa jicho la kazi, akapitisha ukucha juu yake. "Umeshona mara mbili."

"Ili usikifungue."

Alichukua wembe. Kilikuwa kidogo mno kukibana chini ya goti, kikateleza mara mbili, akajaribu kwa meno, utepe ukamwingia mdomoni akautema. Basi akakinyoosha kuelekea kwangu, upande mmoja, bila kunitazama.

"Shika hapa, fundi."

Hajawahi kuniita hivyo. Ndivyo wateja wanavyoniita. Nikashika, na tukafumua hadi karibu na adhana, uzi mmoja mmoja, yeye akikata na mimi nikivuta, na nilipolegeza kidogo kwa kuchoka akasema, "Vizuri, fundi. Shika vizuri."